Kuku 14 na bibi wa nyumba ya chini

Jana asubuhi, saa moja haijafika, bibi wa nyumba ya chini kanipigia simu, mjukuu wangu shuka uchukue tetea wako yuko kwenye turubai langu. Nikateremka na kandambili hivo hivo nikamkuta yule tetea mwekundu anadonoa dagaa, bibi kakaa kwenye kigoda na fimbo mkononi, ila hampigi, anamswaga tu pembeni asifike kule kwenye dagaa nzuri za kuuza. Nikamwamkia, nikamkamata kuku wangu, nikaomba radhi. Akasema hamna neno, komeo la banda lako limelegea nililiona toka juzi. Miaka mitatu nyuma hiyo fimbo ingeshatua mgongoni kwa kuku na mimi ningesikia maneno mpaka magharibi.

Nikawa napanda zangu na kuku kwapani nikasema leo lazima niandike hili jambo, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza, hasa wadada wa pale ninapofanya kazi, wanaona mi sinunui mayai wanadhani kufuga kuku wachache mjini ni kutupia pumba asubuhi basi umemaliza. Jamani sio hivo. Kwetu Kasulu kuku anafunguliwa alfajiri anapotelea migombani huko anajitafutia, jioni anarudi mwenyewe, hamna anayeuliza kala wapi. Huku Kigoma mjini kila hatua kumi ni uwanja wa mtu, na huyo mtu ana mchicha wake, ana nguo zake kwenye kamba, ana dagaa zake zimeanikwa. Ukifuga kuku hapa unafuga katikati ya watu na hilo ndo la kwanza la kujua, mambo ya banda na chakula yanafuata.

Sisi tunakaa Mwanga, upande wa mteremko, nyumba zimekaa kama ngazi. Uwanja wangu unalingana kabisa na bati la bibi. Kwaiyo chochote kinachotoka kwangu kinaishia kwake, maji ya kufulia, majani ya mwembe, na mvua ikinyesha vizuri mwezi wa kumi na moja, kinyesi cha kuku. Mwanzoni sikuwaza hata siku moja kuhusu hilo. Mama yangu alinitumia tetea watatu na jogoo mmoja kwenye tenga kwa basi mwaka 2021, nikawaweka stoo ya mkaa, wakazaliana, mwaka haujaisha wana 14, mi nafurahi kila siku naokota mayai, kumbe huku chini bibi wa watu kila mvua ikikatika anachota matope yananuka mlangoni kwake na hasemi kitu. Alikuja kusema siku kuku wangu sita waliposhuka kwenye turubai lake. Bibi ananunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, zikipata unyevu anazianika upya nyumbani kabla hajazipeleka sokoni, na kuku akishajua mahali penye dagaa hasahau. Ile siku walikula na walichokuwa hawali walichakura wakakichanganya na mchanga, tukaenda mpaka kwa mjumbe, nikalipa, na nilipolipa nilijua sijamaliza.

Alafu ukaja mdondo. Ni Julai 2022, kiangazi, ile miezi ya upepo na vumbi ambayo huu ugonjwa unaupenda sana. Na hapa naomba niseme ukweli wote kwasababu ndo kitu kinachoniuma mpaka leo, ugonjwa tuliuleta sisi. Tulikuwa tunategemea mgeni, mume wangu akanunua tetea sokoni, mzuri tu kwa macho, mgeni akaahirisha safari, tukasema basi tumfunge kamba mguuni pale pembeni ya banda asubiri. Siku ya nne jogoo hakuwika. Nikaenda nikamkuta kasimama kwenye kona anasinzia, mbawa zimeshuka zinagusa chini kama mtu aliyevaa koti kubwa, mdomo wazi, anavuta pumzi kwa sauti. Kinyesi kikawa cha kijani kama mchuzi wa kisamvu. Kesho yake wengine watatu. Kuna mmoja shingo ilipinda kabisa ikaangalia mgongoni, akawa anazunguka zunguka anaanguka, ananyanyuka anazunguka tena, mwanangu wa kwanza akaniambia mama mshike asianguke, nikamshika mpaka akafa mikononi. Siku kumi, kuku 11.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo nikauziwa unga wa kuchanganya na maji, antibayotiki, nikawapa, hela imeenda na kuku wakaenda. Mdondo, wengine mnauita kideri, ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa, hamna unga wala sindano inayoutibu ukishaingia, na mtu anayekuuzia dawa ya kutibu mdondo kakuuzia kitu kingine. Bibi yeye alitumia shubiri na pilipili, vile vile hamna kitu. Nasema bibi kwasababu na yeye alikuwa na kuku watano na walikufa wote watano wiki ile ile. Hakuja kugomba. Alisimama pale kwenye ngazi za mawe akaniambia taratibu tu, ugonjwa umeshuka kutoka juu, kama yale maji. Akarudi zake ndani. Mi nilikaa jikoni nikalia, sio kwa ajili ya kuku wangu.

Nilikaa miezi mingi sijaongeza kuku. Wale watatu waliobaki niliwaacha, waliokufa tulichimba shimo refu tukawafukia na majivu juu (kuna watu walinishauri niwachinje niuze fasta kabla hawajafa, naomba usifanye hivo kabisa, unaubeba ugonjwa unaupeleka mtaa mwingine kwa manyoya, utumbo na maji ya kuoshea). Banda nikalibomoa lote. Afisa mifugo wa kata alipopita akanieleza habari ya chanjo, na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho kimebadilisha ufugaji wangu wote.

Chanjo tunayotumia inaitwa I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, kwenye maabara ya mifugo ya serikali. Ni tone moja kwenye jicho moja, kuku mkubwa tone moja, kifaranga tone moja, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Uzuri wake inavumilia joto kuliko zile za zamani, kwaiyo hata mtu asiye na friji anaweza kuibeba kwenye kitu cha baridi kidogo ikafika salama, ila kuvumilia joto sio kwamba uiache dirishani juani. Na unampa kuku mzima, aliyeshaanza kuumwa umeshachelewa. Sasa tatizo la sisi wafugaji wadogo ni hili, chupa moja inatosha kuku mia na zaidi, ukishaifungua huwezi kuiweka ukaitumia mwezi ujao. Mi nina kuku watatu. Mara ya kwanza nilinunua, nikatumia matone matatu, nikamwaga chupa nzima. Nilisimama pale nimeshika ile chupa nikaangalia bati la bibi.

Nikashuka. Nikapiga hodi, nikamwambia bibi, mi nimekuja kuomba radhi ya kuku wako watano, na nina jambo. Akanikaribisha, akanisikiliza. Yeye wakati huo hana hata kuku mmoja, lakini akasema kama kuna dawa ya tone na inatosha kuku mia, mbona hujaenda nyumba ile ya kona, wana kuku wengi. Akachukua kanga yake akajitanda tukaenda wote. Mimi peke yangu nisingefika mbali, watu wengi pale wananijua kama mpangaji tu aliyekuja juzi, ila bibi kakaa mtaa ule toka ujana wake, hodi yake inafunguliwa. Tulipita nyumba tisa, saba wakakubali. Wawili walikataa, mmoja alisema chanjo inaua kuku, na kweli alishawahi kuona, maana aliwachanja wakati wameshaambukizwa, wakafa siku ya pili. Sikubishana naye. Tulihesabu kuku 83 kwenye daftari la shule la mwanangu, kila nyumba ikachanga kulingana na idadi yake, na kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa hela ndogo kabisa, haifiki hata bei ya mayai matatu.

Tulichanja saa kumi na moja alfajiri, kuku hawajafunguliwa. Kama hujawahi, iko hivi, unambana kuku kwapani mbawa zisipige, mkono wa kushoto unalaza kichwa chake kidogo jicho liangalie juu, kile kichupa unakishika kimesimama wima ili tone litoke zima, linadondoka, unasubiri mpaka apepese na lile tone linywee, ukimwachia haraka anatingisha kichwa linaruka unakuwa umechanja hewa. Watoto wanashika tochi za simu na wanaandika. Toka siku ile tumekuwa tunachanja kila miezi mitatu, nyumba saba zikawa kumi, na sijaona mdondo kwangu tena. Mwaka jana ulipita mtaa wa pili, kwetu ukapiga ile nyumba moja ambayo bado inakataa. Nilisikitika sana, yule mama ana watoto wengi na zile kuku ndo zilikuwa ada.

Na kuku mgeni siku hizi haingii uwanjani kwangu. Hata kama ni wa kuchinja kesho, anakaa kwenye tenga upande wa barabarani, na wa kufuga anakaa peke yake wiki mbili, na chakula nawapa kwanza kuku wangu ndo namalizia na huyo mgeni, alafu nanawa.

Sasa siafu. Watu wanaogopa mwewe, na ni kweli mwewe wapo wengi huku kwasababu ya samaki, kifaranga kimoja kimoja wanachukua, dawa yake ni kuvifungia vifaranga kwenye wavu wiki sita za mwanzo basi. Paka hivo hivo. Mwizi, jogoo wangu aliibwa wiki ya Krismasi, nikaweka kufuli. Ila siafu hakupi nafasi. Novemba 2023, mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, saa nane usiku nikasikia kuku wanapiga kelele ile ya koo, sio ya kuona paka, ni ya maumivu. Tukatoka na tochi ya simu, ukuta wa banda ulikuwa unatembea. Wengine walikuwa wameruka juu ya fito, lakini yule tetea mwekundu alikuwa analalia mayai 11, siku ya 17, zimebaki siku nne, na hakutoka. Siafu wako kwenye macho, kwenye kilemba, chini ya mbawa, na yeye kabana kifua juu ya mayai kanyamaza kimya.

Mume wangu akamwaga majivu ya jiko na mafuta ya taa kuzunguka, mimi nikamchukua nikamkalisha kwenye beseni, nikaanza kutoa mmoja mmoja kwa vidole, siafu akishauma ukimvuta mwili unakatika kichwa kinabaki, kwaiyo unarudi tena kutoa vichwa. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Jicho la kushoto halikupona mpaka leo. Mayai yalikuwa yanapoa na yeye hawezi kulalia, nikayafunga kwenye kanga nikayabana tumboni, nikashuka kwa bibi usiku ule ule, kwasababu wakati huo alikuwa ameshaanza tena, ana tetea analalia, tena wa kwake alikuwa bado wiki nzima nyuma. Alifungua mlango hajauliza kitu, akainua tetea wake tukayaingiza chini. Vikatoka vifaranga saba. Na hapo bibi ndo alinifundisha kitu, kwamba vikitoka unavichukua palepale unaviweka kwenye boksi karibu na jiko, maana ukimwachia yule tetea anasikia milio anajua kazi imeisha, anaondoka na vifaranga vyako anaacha mayai yake yanaharibika. Tukafanya hivo, na mayai yake nayo yakaangua. Vile saba tuligawana, vinne kwangu vitatu kwake.

Banda la saivi limesimama kwa miguu minne, kila mguu uko ndani ya kopo la rangi lenye oili chafu, nimeomba gereji bure. Siafu hapandi, na panya pia hafiki kirahisi. Nyasi pembeni nafyeka, ukiacha tawi moja limegusa ukuta siafu atalitumia kama daraja.

Chakula nako. Sisi wa Kigoma tuna bahati ya dagaa, wenzetu wa mikoa mingine wananunua dagaa za kuku kwa bei ya ajabu, sisi tunapata chenga, yale mabaki yanayobaki chini ya vichanja na kwenye magunia, bei ndogo. Nachanganya na pumba ya mahindi na mashudu, na maganda ya mayai nayachoma kidogo nayasaga mpaka hayatambuliki (ukimtupia kuku ganda zima anajifunza kula mayai yake). Ila chenga ina mchanga, haswa zile zilizoanikwa chini. Unanunua kilo tano, unachekecha, unakuta kilo nzima na zaidi ni mchanga wa ziwa, na mi nilikuwa najiuliza kwanini kuku wanakula wanashiba ila hawatagi, kumbe nawapimia mchanga. Saivi nachekecha mbele ya muuzaji kabisa. Na usizidishe, dagaa ikizidi yai linanuka samaki, wateja wangu wawili walinirudishia.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, chenga ilipotea kabisa. Mi sipingi kufunga, wavuvi wenyewe wanasema samaki walikuwa wanapungua, lakini ile miezi mitatu nilijifunza kwamba kuku wangu walikuwa wanasimama kwa mguu mmoja. Dagaa chache zilizokuwepo za stoo zikawa za kuliwa na watu, na bei yake huwezi kumpa kuku. Mayai yalishuka kutoka sita kwa siku mpaka mawili, alafu wakaanza kudonoana manyoya. Bibi naye biashara ilisimama, akawa anauza maharage. Ndo akanikumbusha mchwa, maana hata nyumbani tulikuwa tunafanya na nilisahau. Unachukua chungu au ndoo iliyotoboka, unajaza nyasi kavu, maranda na kinyesi cha ng'ombe kikavu, unalowesha na maji, jioni unaifunika juu ya kichuguu au njia ya mchwa, asubuhi mapema unafunua imejaa. Unawamwagia vifaranga, wanavyokimbilia unaweza kukaa ukaangalia mpaka uchelewe kazini. Mjini vichuguu ni vichache, tulikuwa tunaenda pembeni ya makaburi na kwenye uwanja mmoja ambao haujajengwa. Hata ziwa lilipofunguliwa sikuacha, bado natega mara mbili kwa wiki.

Kinyesi tulikimaliza hivi, chini ya banda naweka maranda ya fundi seremala, nageuza kila siku mbili, harufu inaisha kabisa kama ni makavu. Kila mwisho wa mwezi natoa, narundika kwenye shimo nafunika wiki sita hivi, maana kibichi kinaunguza mboga, alafu kinashuka kwa bibi kwenye magunia, sio kwa mvua tena. Mchicha wake saivi anauza kuliko dagaa, ananiambia.

Faida sitawadanganya. Kuku 14 wa kienyeji hawakujengei nyumba, tetea anataga mayai kumi na kitu anasimama anataka kulalia, kuna wiki nauza mayai na kuna wiki sina hata la mtoto kula. Kwa mtu anayetaka hela ya haraka sidhani kama ningemshauri. Mi nafuga kwasababu napenda kusikia wakishuka kwenye fito asubuhi, na watoto wangu wanakula yai, na siku ya shida nina jogoo wa kuuza bila kukopa.

Sasa komeo nimeshanunua jingine, nitalifunga leo jioni. Na Jumamosi hii ni zamu ya chanjo, chupa nimeagiza, kwenye daftari tuko nyumba kumi na moja, kuku 127. Yule mama wa nyumba iliyokuwa inakataa jana usiku katuma mtoto kuuliza tunaanza saa ngapi. Tunaanza kwake. Tetea mwekundu huwa namwachia bibi amshike, mi naweka tone kwenye lile jicho moja la kulia.